Kompyuta na Intaneti kwa Shule za Jamii za Wenyeji: Mwongozo Kamili Kutoka Mombasa

Katika shule moja ya msingi iliyo upande wa bara, mwendo wa saa moja na nusu kwa matatu kutoka kisiwani Mombasa, niliwahi kufunguliwa kabati la chuma lililojaa vishikwambi, vyote vikiwa bado ndani ya nailoni vilivyokuja nazo. Vilikuwa vimekaa humo zaidi ya miaka miwili. Mwalimu mkuu hakuwa mvivu, wala hakuwa mtu wa kuchukia mambo mapya. Alikuwa na hofu. Siku ya kukabidhiwa aliambiwa kwamba kifaa kitakachopotea kitahesabiwa juu yake, ilhali madirisha ya madarasa hayakuwa na vyuma, umeme ulikuwa umefika ofisini peke yake, na walimu walikuwa wamefundishwa kwa siku chache tu. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye dhamana angelifanya: akavifungia.

Tangu siku hiyo nimesaidia kufunga kompyuta katika shule kadhaa za vijiji vya Wamijikenda, kuanzia Mwakirunge, iliyo ndani ya kaunti ya Mombasa yenyewe, hadi sehemu za Rabai na Kinango, na nimeona kwamba kinachoamua kama kazi itadumu ni nani anayeshika ufunguo wa chumba na ana sababu gani ya kutaka kuufungua mlango kila asubuhi. Ukubwa wa mtambo huja baadaye sana. Mwongozo huu umefuata mpangilio huo, na ndiyo maana intaneti yenyewe utaikuta katika hatua ya sita.

Si kwamba intaneti iko mbali. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, ya EASSy ikafuata mwaka 2010, na tangu hapo mji wetu umekuwa mlango ambao mawasiliano ya Kenya na ya majirani wake wa bara hupitia. Mwaka 2016 serikali nayo ilianza mpango wa kusambaza vifaa katika shule za msingi za umma, kila shule ikapangiwa vishikwambi vya wanafunzi wa darasa la kwanza, vipakatalishi viwili vya walimu, projekta na seva ndogo yenye masomo. Pamoja na hayo yote, bado kuna shule za Wagiriama, Waduruma, Wadigo na ndugu zao Wamijikenda, na zaidi za Waata na Waaweer walioishi kwa kuwinda na kukusanya, ambazo mtoto humaliza gredi ya sita bila kuwahi kugusa kibodi.

Hatua ya kwanza: keti na wenyewe kabla ya kununua chochote

Barua ya kwanza mwandikie mwalimu mkuu, kwa sababu shule ni dhamana yake, lakini usiishie kwake. Omba kikao kimoja kinachoketisha pamoja bodi ya usimamizi wa shule, wawakilishi wa wazazi, naibu chifu na wazee wa kijiji. Katika vijiji vya Wamijikenda wazee wa kaya, yaani walinzi wa misitu mitakatifu ya jamii, wana neno zito, na jambo lililoingia kijijini bila wao kupigiwa hodi huonwa kuwa la wageni, hata likiwa zuri namna gani. Ukifika kwenye kikao hicho na orodha ya vifaa mkononi, umekwisha kuwaambia kwamba uamuzi umetoka mjini. Nenda na daftari tupu.

Uliza swali moja tu, kisha usikilize kwa muda mrefu: chumba hiki kikifunguliwa kesho, mtakitumia kwa jambo gani? Majibu niliyokuwa nikipata hayakufanana na yale niliyoyatarajia. Walimu walitaja usajili wa wanafunzi katika mfumo wa serikali, ambao huwalazimu kupanda bodaboda hadi saiba (duka la intaneti) ya mji wa karibu na kulipa kwa mifuko yao wenyewe. Akina mama walitaja vyeti vya kuzaliwa, kwa kuwa mtoto asiye na cheti husumbuka kusajiliwa kwa mitihani. Vijana walitaja maombi ya kazi na ya vyuo. Mzee mmoja akauliza kama mashine hizo zinajua Kiduruma au zitawafundisha wajukuu wake kukisahau. Swali hilo la mzee nitalirudia mbele, kwa sababu ndilo lililonibadilishia namna ya kufanya kazi hii.

Kabla ya kuondoka kikaoni, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja, yasomwe kwa sauti kwa lugha ambayo kila aliyehudhuria anaielewa, kisha yatiwe sahihi. Yataje mwenye vifaa, ambaye ni vyema iwe shule yenyewe na si mfadhili. Yataje watu wawili wa kushika funguo. Na yataje kwa maneno ya wazi kwamba kifaa kikiibwa au kikiharibika wakati utaratibu umefuatwa, mwalimu hatalipishwa. Sentensi hiyo moja hufungua makabati mengi kuliko semina yoyote.

Hatua ya pili: chumba

Chagua chumba chenye paa lisilovuja, mlango wa chuma, vyuma madirishani na sakafu ya saruji. Kama kuna uchaguzi, kiwe karibu na nyumba ya mwalimu au ya mlinzi wa usiku. Dari ni jambo la lazima chini ya mabati, kwani joto la mchana wa Februari huua betri na hata vipakatalishi, na bila dari popo huingia na kuchafua kila kitu. Weka wavu mwembamba kwenye matundu ya hewa. Nguzo za mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kufungwa waya wowote.

Kwa shule zilizo karibu na bahari au na kidimbwi cha maji ya chumvi, ongeza tahadhari moja zaidi. Upepo wa pwani hubeba chumvi, na chumvi ikikutana na shaba ya viunganishi huota kutu ya kijani ndani ya miezi michache. Fungua soketi ya antena iliyokaa nje mwaka mzima bila kufunikwa, utaikuta imeota ukungu kama wa mkate ulioharibika. Tumia tepu ya mpira inayojishika yenyewe juu ya kila kiungo cha nje, na vyuma vya kufungia viwe vya pua au vilivyopakwa zinki.

Hatua ya tatu: hesabu ya umeme

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakwenda polepole. Hata shule iliyounganishwa na umeme wa serikali inahitaji kinga, kwa sababu umeme wa vijijini hupanda na kushuka, na mshtuko mmoja unatosha kuunguza chaja kumi kwa pamoja. Nunua kidhibiti cha volti kwa chumba kizima, na fundi mwenye leseni apige waya wa ardhi ulio sawasawa. Pale ambapo umeme haujafika, au hukatika kila siku, sola ndiyo njia, mradi hesabu ifanywe kabla ya kwenda dukani.

Chukua mfano wa chumba chenye vipakatalishi 12. Kila kimoja kikichaji hula takriban wati 40, yaani wati 480 kwa pamoja. Ongeza wati 20 za ruta (kifaa cha kusambaza mtandao) na seva ndogo, jumla ni wati 500. Chumba kikitumika saa 4 kwa siku, mahitaji ni wati-saa 2,000. Pwani yetu inaweza kuhesabiwa saa 5 za jua lenye nguvu kwa siku, lakini joto, vumbi na upotevu wa njiani hupunguza, kwa hiyo hesabu asilimia 70 tu ya kile paneli zimeandikiwa. Gawanya 2,000 kwa 5, kisha kwa 0.7, utapata wati 571, yaani paneli mbili za wati 300. Kwa upande wa betri, ya lithiamu fosfati ya chuma hukubali kutumiwa hadi asilimia 80, kwa hiyo betri moja ya volti 24 na ampea-saa 100 inakaribia sana kiasi hicho. Betri za risasi hazipaswi kushushwa chini ya nusu, na hapo utahitaji nne za volti 12 na ampea-saa 100. Za risasi ni nafuu siku ya kununua, lakini katika joto la bara letu huchoka mapema, na nimeona shule ikizibadilisha mara mbili kabla ile ya lithiamu ya shule jirani haijaonyesha dalili yoyote. Kama pesa hazitoshi kwa yote mawili, punguza kompyuta hadi nane na ununue betri nzuri.

Usifanye hesabu hiyo kwa kufikiria jua la Januari. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa, na huangukia katikati ya masomo. Panga ratiba ya siku za mawingu ambapo vipakatalishi sita tu huwashwa.

Jambo moja lizuiwe tangu siku ya kwanza, nalo ni kuchaji simu za kijiji kutoka betri ya maabara. Huanza na simu ya mwalimu, ikaja ya mlinzi, na baada ya mwezi kuna simu ishirini usiku kucha, na asubuhi kompyuta haziwaki. Kwa kuwa haja ya watu ni ya kweli, fungeni paneli ndogo ya pembeni kwa ajili ya simu, yenye betri yake.

Hatua ya nne: kompyuta zenyewe

Kompyuta zilizotumika zinafaa kabisa zikichaguliwa kwa makini, na shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikarabati mashine za ofisi na kuzipeleka shuleni kwa miaka mingi. Vipakatalishi ni bora kuliko kompyuta za mezani, kwa kuwa hula umeme kidogo na huendelea kuwaka umeme unapokatika ghafla. Usikubali yenye kumbukumbu chini ya GB 4, na kama ina diski ya zamani inayozunguka, ibadilishe na diski ya kisasa isiyozunguka. Mabadiliko hayo peke yake huifanya mashine ya miaka kumi ifanye kazi bila kukwama.

Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mitumba haziwezi kupokea toleo linalofuata. Msipokee mashine hizo kisha mkaziunganisha na intaneti zikiwa hazina ulinzi. Zifungeni mfumo huria wa Linux kama vile Ubuntu au Edubuntu, ambao hauna ada, halafu LibreOffice kwa uandishi na hesabu, GCompris kwa watoto wadogo, na Scratch kwa kuanza kuandika programu, ambayo ina maandishi ya Kiswahili. Mtoto anayejifunza kibodi hajali jina la mfumo.

Hatua ya tano: seva ya ndani kabla ya intaneti

Ningeambiwa nichague kati ya shule yenye intaneti isiyo na seva, na shule yenye seva isiyo na intaneti, ningechagua ya pili bila kusita. Seva ya ndani ni kompyuta ndogo, inaweza kuwa Raspberry Pi yenye ukubwa wa kiganja au kipakatalishi kimoja kilichotengwa, ambayo hubeba masomo yote na kuyagawa kwa vifaa vingine kupitia mawimbi ya ruta. Haihitaji bando, haikatiki mtandao ukianguka, na mtoto hawezi kupotelea humo kwenye yasiyomfaa.

Programu mbili zinatosha kuanzia. Kolibri huhifadhi video na mazoezi, humpa kila mwanafunzi akaunti yake na kumwonyesha mwalimu nani amekwama wapi. Kiwix hubeba Wikipedia nzima. Ile ya Kiswahili huingia kwenye flashi bila shida, na ya Kiingereza yenye picha huzidi GB 90, kwa hiyo andaa diski ya kutosha. Pakua vyote ukiwa mjini kwenye intaneti ya nyuzi (faiba), kisha ubebe diski hadi shuleni. Ongeza vitabu na masomo ya Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya ambayo walimu wameruhusiwa kuyatumia, ukiyapanga kwa gredi na kwa somo, kwa sababu mwalimu mwenye vipindi saba kwa siku hana muda wa kutafuta.

Wanafunzi hufungua kivinjari na kuandika anwani fupi ya seva. Iandike anwani hiyo kwa chaki ya rangi juu ya ubao na usiifute.

Hatua ya sita: intaneti

Anza kwa kupima. Chukua simu mbili zenye laini za kampuni tofauti, weka programu ya kuonyesha nguvu ya mawimbi, na uzunguke kiwanja chote cha shule, kisha upande hadi juu ya paa. Kwa mtandao wa 4G, kipimo cha karibu −90 dBm ni kizuri na cha −110 dBm ni hafifu. Tofauti kati ya kona ya ofisi na ncha ya nguzo yenye urefu wa mita sita inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya kampuni moja na nyingine. Kama mawimbi ya juu ya nguzo yanaridhisha, ruta ya laini ya simu yenye antena ya nje ndiyo njia rahisi kuliko zote, na hapo hapo unaweza kuanza.

Njia ya pili ni kiungo cha redio, yaani antena mbili zinazotazamana, moja ikiwa mahali penye intaneti ya nyuzi, kama sokoni au kwenye zahanati, na nyingine shuleni. Haitoshi antena kuonana kwa macho. Mawimbi husafiri ndani ya kanda yenye umbo la yai refu, na kwa umbali wa kilomita 5 kwenye masafa ya gigahezi 5.8 kanda hiyo huwa na nusu kipenyo cha takriban mita 8 katikati ya njia. Angalau asilimia 60 yake iwe wazi. Mnazi uliosimama katikati hukata mawasiliano, na wakati wa kusi makuti yake huyumba, mtandao ukaja na kupotea kila dakika, na mafundi wakahangaika na mipangilio ya ruta ilhali tatizo liko shambani kwa jirani. Chagueni njia kwa kuhesabu na urefu ambao miti itafikia miaka mitano ijayo, na kama lazima tawi likatwe, muombeni mwenye mti mwenyewe.

Njia ya tatu ni setilaiti. Starlink ilianza huduma nchini Kenya mwaka 2023 na imefikia mahali ambapo hakuna mnara kabisa. Inahitaji mbingu iliyo wazi na hula kati ya wati 50 na 100 muda wote ikiwa imewashwa, kwa hiyo izimwe usiku, na hesabu ya sola niliyoitoa juu ifanywe upya.

Njia ya nne huchukua muda lakini isiachwe. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya husimamia Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao umekuwa ukiunganisha shule zilizo nje ya mtandao. Shule iandike barua rasmi kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, ikieleza idadi ya wanafunzi, vifaa vilivyopo na hali ya umeme. Shule iliyo na chumba kilichokwisha kutumika huwa na hoja nzito kuliko iliyo na ahadi.

Kuhusu kasi, megabiti 10 kwa sekunde (Mbps 10) zinawatosha wanafunzi kumi wanaotazama video za ubora wa kati kwa wakati mmoja, na zinawatosha wengi zaidi kama video ziko kwenye seva. Kinachomaliza bando ni masasisho ya kompyuta yanayojipakua yenyewe. Yazimeni, muyafanye mara moja kwa mwezi. Ndani ya ruta, wekeni anwani za DNS (huduma inayotafuta tovuti kwa jina lake) 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za kampuni ya Cloudflare, ambazo huzuia tovuti za uchafu na za virusi bila malipo. Kizuizi hicho hakimwondoi mwalimu chumbani, lakini humpunguzia mzigo.

Kama mnataka kusambaza intaneti hiyo kwa kijiji kizima, msianze kimya kimya. Mamlaka ilitoa mwaka 2021 utaratibu wa leseni maalum kwa mitandao ya jamii, ulio mwepesi kuliko wa kampuni kubwa. Ufuateni.

Hatua ya saba: walimu watangulie

Semina ya siku tatu hotelini haizai mwalimu wa kompyuta. Kinachozaa ni saa moja kila wiki kwa muhula mzima, shuleni kwake, juu ya kazi yake mwenyewe. Wiki za kwanza mwalimu aandike maazimio ya kazi na maandalio ya somo, apange alama za darasa kwenye jedwali linalojumlisha lenyewe, atunge mtihani na kuupiga chapa. Mwalimu aliyekuwa akilala saa sita usiku akijumlisha alama kwa kalamu, siku atakapoona safu nzima imejumlishwa kwa kubonyeza mara moja, hatahitaji kuhimizwa tena. Ameupata ufunguo, na ana sababu ya kuufungua mlango.

Wafundishaji wapo hapa pwani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na wa Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi huhitaji nafasi za mafunzo ya kazini kila mwaka, na vijana wa Swahilipot, kituo cha vijana karibu na Fort Jesus mjini Mombasa, wamezoea kujitolea. Walipieni nauli na chakula cha mchana, na wakubaliane kuja kwa muhula mzima. Anayekuja mara moja kupigwa picha hawasaidii.

Hatua ya nane: wanafunzi

Wiki mbili za kwanza zisiwe na intaneti kabisa. Mtoto ambaye hajawahi kushika kipanya hukiinua hewani na kukielekeza kwenye kioo kama rimoti, na anahitaji muda wa kukosea bila kuharakishwa. Darasa la wanafunzi 40 lenye mashine 12 ligawanywe vikundi vya watatu au wanne, mmoja akishika kipanya, mmoja akisoma maelekezo, mwingine akiandika daftarini, na wabadilishane kila dakika kumi kwa kengele. Bila kengele wavulana hushika kipanya na wasichana huishia kutazama kwa mwaka mzima. Nimeliona jambo hili katika kila shule niliyoingia, na halijirekebishi lenyewe.

Picha na majina ya watoto yana sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Vikundi vinavyojitolea huweka picha za watoto wetu mitandaoni ili kuwaridhisha wafadhili, na jambo hilo linaniuma. Mtoto wa kijijini ana haki ileile ya kutoonyeshwa kama mtoto wa Nyali, mtaa wa kitajiri wa Mombasa.

Hatua ya tisa: lugha ya nyumbani na elimu ya wazee

Sasa nimrudie yule mzee na swali lake. Siku moja msichana wa gredi ya nne alikuwa akiandika habari za kisima cha kwao kwa lugha yake. Aliandika neno *madzi*, na papo hapo likapigwa mstari mwekundu. Akalifuta, akaandika *maji*, mstari ukaondoka. Akaandika *mudzi*, mstari ukarudi, akalifuta tena. Hakuna mtu aliyemwambia chochote, lakini alikuwa amekwisha kufundishwa kwamba lugha ya mama yake ni kosa. Tulizima ukaguzi wa tahajia katika mashine zote mchana huo. Katika LibreOffice unabonyeza Shift na F7 pamoja. Zima pia usahihishaji wa papo kwa papo. Fanya hivyo kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuketi.

Baada ya kuzima, jaza. Mtaala wa sasa unaruhusu lugha ya eneo kutumika katika gredi za chini, na vitabu vyake ni vichache, kwa hiyo wanafunzi wenyewe wanaweza kuviandaa: wamrekodi bibi akisimulia ngano, waandike alichosema, waweke tafsiri ya Kiswahili ubavuni, kisha vihifadhiwe kwenye seva ya shule. Majina ya miti, samaki, mimea ya dawa na nyakati za kupanda yana manufaa mengi, na kazi hiyo hufundisha kurekodi, kuandika na kupanga mafaili kuliko zoezi lolote la kitabuni.

Kuna mipaka, na mipaka hiyo huwekwa na wenye elimu. Misitu mitakatifu ya kaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na mila zake zikawekwa mwaka 2009 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, lakini kutambuliwa huko hakumpi mgeni ruhusa ya kurekodi maombi au kupiga picha ndani ya kaya. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi, nayo inataka ridhaa ya jamii. Kwa kila rekodi waulizeni wazee mambo matatu: inaweza kusikiwa na watoto wa shule hii, inaweza kusikiwa na shule nyingine, inaweza kuwekwa kwenye intaneti? Andikeni majibu ndani ya jina la faili lenyewe. Mengi yatabaki kwenye seva ya shule, na hapo ndipo mahali pake.

Hatua ya kumi: pesa za mwaka wa pili, na siku mwalimu atakapohamishwa

Kabla ya kuzindua, kuweni na pesa za miezi 18 ya intaneti na akiba ya kubadilisha betri. Chumba kinaweza kujichangia kidogo nje ya saa za masomo kwa kupiga chapa, kujaza fomu za eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na kuwafundisha vijana jioni, ada ikiwa ndogo na daftari la mapato likisomwa mbele ya wazazi kila muhula. Bodi inaweza pia kuomba mfuko wa maendeleo wa eneo bunge kwa mambo ya kudumu kama vyuma na dari. Betri zilizokufa zisitupwe shimoni karibu na kisima. Zirudishwe kwa muuzaji au kwa wanaorejeleza.

Tume ya Huduma kwa Walimu huhamisha walimu, na huo ni utaratibu wa kawaida. Shule moja niliyoisaidia ilipoteza muhula mzima kwa sababu mwalimu pekee aliyejua nywila ya ruta alihamishwa kwenda kaunti nyingine, naye alikuwa amebadilisha simu. Tangu hapo nimekuwa nikifundisha watu watatu katika kila shule: walimu wawili na kijana mmoja wa kijiji aliyemaliza sekondari, ambaye hawezi kuhamishwa na barua ya mtu. Nywila zote, michoro ya nyaya, namba za leseni na tarehe ya kununuliwa kwa betri huandikwa kwa mkono kwenye karatasi mbili. Moja hutiwa ndani ya bahasha, bahasha ikafungwa na kutiwa sahihi na mwenyekiti wa bodi, kisha ikawekwa kwenye sefu ya mwalimu mkuu. Nyingine hukaa kwa mwenyekiti mwenyewe. Kila nywila inapobadilishwa, karatasi zote mbili huandikwa upya siku hiyo hiyo, kabla ya chumba kufungwa.